Moto Nyumbani: Usiwafungie Watoto Ndani

Leo nataka tuzungumze juu ya kufuli. Pengine mwastaajabu, kwa maana kichwa cha habari chasema moto. Ngojeni kidogo, mtaona jinsi mambo hayo mawili yanavyokwenda pamoja.

Fikiri habari ya mama wa kijijini, mama wa kijiji chochote, pengine ni jirani yako. Jua limekuchwa. Amewalisha watoto, amewalaza. Mumewe yuko safarini. Nyumba ya pili wamefiwa, naye yampasa kwenda kukesha matangani, kwani asiyekwenda kwa wenzake, na kwake hawatakuja. Mtoto mkubwa ana miaka saba, ndiye mlinzi wa wadogo zake wawili. Mama awasha koroboi, aiweka juu ya kigoda karibu na kitanda ili watoto wasiogope giza. Halafu atoka, afunga mlango kwa nje kwa kufuli, na ufunguo aufunga katika pindo la kanga yake. Afanya hivyo kwa upendo. Aogopa wezi, aogopa fisi, aogopa mtoto asije akatoka usiku akapotea.

Haya, sasa tazama: taa, chandarua, paa la nyasi, watoto watatu, na ufunguo uko matangani. Je, kuna haja nikueleze yanayoweza kufuata?

Mimi simlaumu mama huyu. Wengi wetu tulifungiwa vivyo hivyo tulipokuwa wadogo, tukaamka asubuhi salama. Lakini tuliamka salama kwa sababu taa haikuanguka usiku ule, si kwa sababu mlango ulifungwa vizuri. Mlango uliofungwa kwa nje humzuia mwizi asiingie, kweli. Humzuia na mtoto asitoke.

Watu wengi hudhani kwamba moto ukianza utamwamsha mtu. La! Moshi haumwamshi aliyelala, bali humlevya. Ndani yake mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo hiyo hiyo inayowaua watu wanaoingiza jiko la makaa chumbani wakati wa baridi, wakafunga mlango na dirisha, wakalala wasiamke. Wengi wanaokufa katika nyumba inayoungua huwa wamekwisha kufa kwa moshi kabla moto wenyewe haujawafikia. Zamani tulilalia ngozi na mikeka. Siku hizi godoro la sponji limeingia karibu kila nyumba. Ni laini, sikatai, lakini likishika moto hutoa moshi mweusi, mzito, wenye sumu kali kuliko moshi wa nyasi. Na chandarua cha nyuzi za kisasa huyeyuka kikiwaka, kikamdondokea aliyelala. Usikiache chandarua, maana malaria nayo yaua. Taa ndiyo iondoke karibu nacho.

Ukiona kwamba nazidisha maneno juu ya milango, kumbuka yaliyotokea mashuleni. Mwezi wa Machi 2001 huko Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya, bweni la wavulana lilichomwa moto usiku kwa makusudi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Vijana 67 walikufa. Hapa kwetu Tanzania, mwezi wa Juni 1994, moto uliwaua wasichana zaidi ya 40 bwenini katika shule ya Shauritanga, Rombo. Mwezi wa Agosti 2009 wasichana 12 wakafa vivyo hivyo katika shule ya Idodi, Iringa, na ilielezwa kwamba huko Idodi moto ulitokana na mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akisoma usiku. Tukisikia habari za shule tunalia sote, na magazeti huandika. Nyumba ya kijijini ikiungua na watoto wawili ndani, nani huandika? Shirika la Afya la Dunia hukadiria kwamba watu 180,000 hivi hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, na walio wengi sana ni wa nchi zisizo na mali, kama zetu.

Basi turudi kwenye ile koroboi. Mafuta ya taa yenyewe hayashiki moto upesi. Yasipopata joto la kadiri ya digrii 38 au zaidi, mvuke wake hautoshi kuwaka, na ndiyo sababu taa yahitaji utambi. Petroli ni mnyama mwingine kabisa. Mvuke wake huwaka hata katika baridi kupita ya barafu, nao hutambaa chini sakafuni mpaka ukute moto mahali. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu, ikalipuka. Waliokufa walipita 100.

Utasema, "Sisi hatuna malori huku." Sawa, lakini pikipiki mnazo. Petroli yauzwa kijijini katika chupa za maji, na mara nyingi ni duka lile lile liuzalo mafuta ya taa, kwa kipimo kile kile na faneli ile ile. Petroli kidogo tu ikichanganyika na mafuta ya taa, taa yaweza kukulipukia mkononi. Kwa hiyo mwambie mwenye duka waziwazi atenge vyombo vyake, wala usione haya. Ukinusa harufu ya petroli katika mafuta ya taa, usiyatie katika taa wala usiyapeleke jikoni, yarudishe. Na wewe kijana wa pikipiki, ile chupa ya akiba unayoificha chini ya kitanda usiku, itoe leo. Nyumba wanamolala watu si ghala la petroli.

Taa usiijaze mafuta ingali inawaka. Izime, iache ipoe, kisha uijaze mchana, mbali na jiko. Koroboi isiyo na kioo iweke ndani ya sufuria pana yenye mchanga, ili hata paka akiigusa isimwage mafuta juu ya mkeka. Lakini lililo bora kuliko hayo yote ni taa ndogo ya jua. Hesabu fedha unazompa mwenye duka kwa mafuta miezi sita, utaona pengine ulikwisha kuinunua na hukuipata. Taa ile yaweza kubaki na watoto wanaoogopa giza, na ikianguka, imeanguka tu.

Nasi Wakatoliki tuna desturi ya kuwasha mshumaa mbele ya sanamu ya Mama Maria. Desturi njema. Lakini nimeona nyumba ambamo mshumaa umegandishwa kwa nta yake juu ya kisanduku cha mbao, na pazia la lesi laning'inia kando. Sala ikiisha, zima mshumaa. Mama Maria hatakasirika.

Sasa twende jikoni. Hapo ndipo watoto wadogo wanapoungua zaidi, wala si kwa ndimi za moto tu, bali kwa uji, chai, maji ya kuogea na mafuta yanayochemka. Mtoto anayetambaa hajui kwamba sufuria ni kali, ajua tu kwamba mama yuko pale. Ukiweza, inua jiko la udongo lifike kiunoni mwako. Ukipikia mafiga chini, weka ukingo wa matofali au wa fito kuzunguka, mtoto asipenye. Kuni unazozikausha juu ya uchaga zisiachwe zikaning'inia juu ya moto. Na kabla hujalala mwagia majivu maji, usiyaamini macho yako, maana kaa jekundu hujificha ndani ya majivu, na upepo wa kiangazi ukivuma usiku utalitafuta.

Nina neno moja hapa ambalo limenikaa moyoni. Wako ndugu zetu wenye kifafa. Mtu akianguka karibu na moto, huenda mkono au uso wake ukalala juu ya makaa, naye hana fahamu za kujiondoa. Nao walio karibu huogopa kumgusa, kwani wameambiwa kwamba povu lake au upepo wake huambukiza. Wamwacha aungue! Karibu na mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, akaanzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Aliwaona wengi wenye makovu mabaya ya moto, walioanguka na kuachwa kwa sababu ya hofu hiyo. Miaka mingi imepita, na hofu ile bado iko vijijini. Sikiliza basi: kifafa hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mate, si kwa kugusana. Mvute mwenzako atoke motoni mara moja, kwa mikono yako, kisha mlaze kwa ubavu. Halafu mpelekeni hospitali aandikiwe dawa. Kuna vidonge vya bei ndogo, kama fenobabitoni, na wengi wanaovimeza kila siku bila kuacha huanguka mara chache, au hawaanguki tena. Mwenye kifafa asipike peke yake kwenye moto wa wazi. Kumpikia si kumdharau.

Mtu akishika moto nguoni, asikimbie, maana kukimbia ni kuuchochea. Mwangushe chini, abiringike, au mfunike kwa blanketi zito. Kisha maji. Maji safi ya kawaida, ya mtungini au ya bomba, yaliyo baridi kiasi, yamwagwe juu ya jeraha dakika 20, si mara moja tu na kuacha. Dakika 20 ni ndefu mtoto akilia, najua, lakini maji hayo hupunguza kina cha jeraha. Anayemwagia mtoto mdogo amfunike mwilini sehemu nyingine asipate baridi. Pete na bangili zivuliwe kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiibandue. Malengelenge usiyatumbue. Funika kwa kitambaa safi, twende hospitali.

Na tafadhali, usimpake kitu! Si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia, si unga, si mayai, si samli, wala yale manyoya ya sungura ambayo kila mzee atakuapia kwamba yalimponya fulani. Vitu hivyo hushika uchafu katika jeraha, kisha mganga wa hospitali humtesa mtoto akivitoa. Mwulize na habari ya sindano ya pepopunda. Hata jeraha dogo la vidole au la kiwiko lipelekwe, kwa sababu vidole vilivyoungua vikiachwa hupona vimegandamana, na mtoto yule hatashika kalamu wala jembe.

Umeme na gesi vimefika vijiji vingi, nami nafurahi, ila vimekuja na mambo yake. Waya uliochunika usiufunge kwa kitambaa. Moto wa umeme usiumwagie maji, zima kwanza swichi kubwa. Ukinusa gesi, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Fungua milango, funga mtungi, toa watu nje. Mafuta yakiwaka katika kikaango, yafunike kwa mfuniko na uache. Ukiyamwagia maji yatarukia paa.

Katika Tanzania namba ya simu ya zimamoto ni 114, nayo haina malipo. Ipigeni. Lakini ikiwa gari la zimamoto liko mjini, nyumba ya nyasi haitalingojea. Watakaokufikia kwanza ni majirani, na debe la mchanga, na pipa la maji lililo karibu na ukuta. Aliyekwisha kutoka asirudi ndani kwa ajili ya redio au magunia ya mahindi.

Nimesema mengi, lakini nilianza na kufuli. Mama, ukienda matangani, au sokoni, au kwenye Misa ya usiku, wachukue watoto, au wapeleke kwa bibi, au mwombe msichana mkubwa wa jirani alale nao. Mwenzako akikuomba hivyo, usimkatalie. Kama nyumba ina watu ndani, kufuli isikae nje. Na baba, unapofunga kwa ndani usiku, usiufiche ufunguo chini ya mto. Tafuta msumari, upigilie kando ya mlango mahali mtoto wa miaka saba afikapo, utundike ufunguo hapo kila usiku. Kisha jioni ya leo zima taa, mwambie yule mkubwa awashike wadogo mikono, watambae gizani mpaka mlangoni, naye afungue mwenyewe. Watacheka, watadhani ni mchezo. Rudieni mpaka aweze kufungua upesi bila kuona.