Macho Tuliyoyasahau: Mwanafunzi Mwenye Ualbino Chuoni

Hapa Kanda ya Ziwa, ualbino ukitajwa, mawazo yetu hukimbilia mauaji. Si ajabu. Katika miaka iliyofuata 2006 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani, kwa sababu ya ushirikina, na watoto wengi wakahamishiwa bweni katika shule kama Mitindo, Misungwi, na Buhangija, Shinyanga. Watoto wa siku zile sasa wamefikia umri wa kuingia vyuoni. Hatuna budi kujiuliza kama tuko tayari kuwafundisha, wala si kuwahifadhi tu.

Tuliacha jina la «zeruzeru», tena tulifanya vema. Lakini jina la heshima tulilolishika, «mlemavu wa ngozi», nalo linatupotosha kwa namna yake. Mwalimu akilisikia, hufikiri juu ya kofia, mikono mirefu na mafuta ya Kilisun yaliyoanza kutengenezwa KCMC, Moshi. Yote hayo ni ya lazima, kwa maana saratani ya ngozi huua. Hata hivyo rangi inayokosekana katika ngozi hukosekana pia ndani ya jicho. Sehemu ya nyuma ya jicho inayotambua vitu vidogo haikui kikamilifu tangu tumboni mwa mama. Macho huchezacheza pasipo hiari, na mwanga mkali huyaumiza. Miwani husaidia, lakini haimalizi tatizo.

Sasa tufikirie somo la Kiebrania. Sere ni nukta mbili chini ya herufi, segoli ni nukta tatu. Sisi wenyewe tuliwahi kusahihisha mtihani wa mwanafunzi mmoja na kumkata alama kwa kuchanganya irabu hizo, tukadhani hakujisomea. Baadaye tulimwomba asome kwa sauti maandishi makubwa, naye hakukosea hata moja. Karatasi yetu, iliyorudufiwa kwa wino hafifu, ndiyo iliyomfelisha.

Dawa yake si ya gharama. Karatasi ya mtihani ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 18 au zaidi, kadiri mwanafunzi mwenyewe atakavyosema. Aongezewe muda, tuseme robo, kwa kuwa husoma polepole, si kwamba huelewa polepole. Mwalimu atamke kila anachoandika ubaoni. Na katika madarasa yenye madirisha yanayotazama ziwa, ambako mng'ao wa maji huingia mchana kutwa, akae mbele akiyapa madirisha mgongo. Haya si fadhila za mkuu wa chuo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inayadai.

Wako wenzetu wanaosema kwamba muda wa ziada ni upendeleo. Tunawakumbusha Kutoka 4:10-16. Musa alilalamika kuwa ni mzito wa kusema. Bwana hakumponya ulimi, wala hakumfuta katika kazi, bali alimpa Haruni. Wengine, kwa sauti ya chini, hutaja Walawi 21, ambapo kasoro ya jicho imo katika orodha ya mambo yaliyomzuia mzao wa Haruni asiikaribie madhabahu. Anayeitumia sura hiyo kumpima mtahiniwa wa uchungaji na asome pia aya ya 22, inayompa mtu huyo huyo chakula cha patakatifu, kisha atueleze ni lini Mlutheri alirudi kwenye ukuhani wa Haruni.

Limebaki suala la mafunzo ya vitendo usharikani. Mwanafunzi asipangiwe mtaa wa mbali peke yake kabla wazee wa kanisa hawajakubali kumpokea na kumsindikiza. Tena mazishi yetu mengi hufanyika mchana, jua likiwa kali, na desturi humtaka mwanamume avue kofia wakati wa sala. Katika 1 Wakorintho 11 Paulo alijadili utaratibu wa ibada, hakujadili jua la Usukumani. Mchungaji msimamizi awaeleze waombolezaji mapema, kabla jeneza halijafika kaburini, kwamba mwanafunzi huyu ataongoza sala akiwa amevaa kofia yake.