Sukuma Wiki Inayonawiri Huenda Ikawa na Sumu

Je, msomaji, ukifika sokoni wewe huchagua sukuma wiki kwa kutazama upana wa majani na ukijani wake? Tahadhari! Mboga yaweza kunawiri huku imebeba madini yenye sumu, kama vile risasi na kadimiamu.

Mche una njia zake za kujikinga. Kadimiamu ikipenya mizizini, chembechembe za mmea hutengeneza kemikali za kuinasa, kisha huifungia ndani ya vifuko vidogo isiudhuru mmea. Mche unapona, lakini sumu ingali ndani yake. Atakayeila ni wewe.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kadimiamu nayo hukaa katika figo miaka mingi na kuziharibu. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi mwaka wa 2006, lakini risasi iliyotua udongoni kando ya barabara haiozi.

Ufanye nini basi? Osha mboga vizuri ili kuondoa vumbi, ambalo hubeba risasi. Hata hivyo, kuosha hakuondoi iliyo ndani ya jani. Muulize mama mboga ilikotoka. Epuka iliyokuzwa kwa maji machafu, au karibu na viwanda na majaa ya taka. Ukitaka kulima mwenyewe mjini, panda katika magunia yenye udongo kutoka mahali safi.