Si Kila Ugumba Ni Homoni

Zamani mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka miwili bila kushika mimba aliambiwa ana chango. Siku hizi anaambiwa homoni zake zimevurugika. Neno limetoka hospitali likaingia mtaani, na limekuja na bidhaa zake: unga wa kusawazisha homoni, chai ya kusafisha kizazi, vidonge vya kuzibua mirija, mara nyingi vikiuzwa na mtu ambaye hajampima mnunuzi hata joto la mwili. Homoni huugua kweli, na nitalirudia hilo. Lakini katika nchi zetu, ugumba mwingi ambao ungeweza kuzuilika huanza na maambukizi ya zinaa ambayo hayakutibiwa, au yaliyotibiwa kwa mmoja akaachwa mwenzake. Kila mwaka tunaoupoteza tukihangaika na homoni ambazo hakuna aliyezipima, maambukizi hayo huendelea kuharibu.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukutana na ugumba wakati fulani maishani, yaani kukosa mimba baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Nchi tajiri na nchi maskini hazikupishana sana kwa kiwango. Zinapishana kwa sababu. Utafiti wa shirika hilohilo katika nchi 25, uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikuta kuziba kwa mirija ya uzazi kumewapata zaidi wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara kuliko wa maeneo mengine. Tena ugumba ulio mwingi kwetu ni wa mwanamke aliyewahi kushika mimba, kisha asipate nyingine. Hilo lenyewe linasema jambo. Mwili uliobeba mimba ya kwanza ulikuwa na uwezo huo. Mara nyingi kilichozuia ya pili kiliingia hapo katikati, kikiwa kisonono au klamidia, homa ya uzazi baada ya kujifungua mahali pasipo usafi, au mimba iliyotolewa kwa vifaa vichafu.

Tuutazame mrija wenyewe kwa karibu. Una urefu wa kama sentimita 10, na mahali ulipo mwembamba zaidi tundu lake halifiki milimita 1. Ndani umetandikwa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea kwa pamoja kulisukuma yai kuelekea kwenye mji wa mimba. Vimelea vya klamidia au kisonono vikipanda kutoka mlango wa kizazi, mwili hupigana navyo, na vita hiyo huacha kovu. Vinyweleo hufa, kuta hugandamana, yai na mbegu havikutani tena. Au vikikutana, mimba hukwama humohumo kwenye mrija na kuhatarisha maisha ya mama. Wanawake wengi wenye klamidia hawasikii maumivu wala kuona uchafu wowote. Daktari Lars Weström wa mji wa Lund, Sweden, aliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake waliowahi kupata maambukizi ya nyonga. Waliougua mara moja, asilimia 8 waliishia na ugumba wa mirija. Kwa waliougua mara mbili ilikuwa karibu asilimia 20, na kwa waliougua mara tatu au zaidi, asilimia 40. Uchambuzi wa baadaye wa kundi hilo ulionyesha kuwa waliochelewa kutibiwa kwa siku 3 au zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata ugumba au mimba nje ya kizazi, karibu mara tatu. Kovu hilo haliyeyushwi na chai. Dawa za antibayotiki huua vimelea. Haziwezi kuurudisha mrija ulivyokuwa.

Kwamba ugumba wa namna hii hupungua watu wakitibiwa, historia ya ukanda huu imeshaonyesha. Uchunguzi wa idadi ya watu katika Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1955 hadi 1957, ulikuta sehemu za kaskazini ambako zaidi ya mwanamke 1 kati ya 5 alifikia mwisho wa umri wa kuzaa bila mtoto hata mmoja. Wakoloni walipenda kuwalaumu wanawake hao kwa tabia zao. Penisilini, iliyoweza kutibu kisonono, ilipoenea, hesabu za miongo iliyofuata zilionyesha wasiozaa wamepungua sana. Ushahidi mwingine unatoka kwenye utafiti uliofanyika Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994 wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vijijini walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa, dawa zikafikishwa kwa uhakika, na wagonjwa wakahimizwa kuwaleta wenzi wao. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kuliko katika vijiji vya kulinganishia. Ugumba haukuwa shabaha ya utafiti huo. Hata hivyo ulionyesha kwamba zahanati ya kawaida, ikiwa na dawa na mtu aliyefundishwa, inaweza kutibu magonjwa ya zinaa.

Najua nitaambiwa kuwa homoni pia zinazuia mimba. Ni kweli kabisa. Ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi huwapata kati ya asilimia 8 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kuwa wanao. Tezi ya shingo isipofanya kazi sawasawa huvuruga hedhi, na homoni ya maziwa ikizidi hufanya vivyo hivyo. Lakini magonjwa haya huwa na alama: hedhi inayokuja baada ya miezi miwili au mitatu, ndevu kidevuni, maziwa kutoka bila kunyonyesha. Huthibitishwa kwa damu na kwa ultrasaundi, na mengi hutibika kwa vidonge vinavyojulikana. Mwanamke anayeona siku zake kila mwezi bila kukosa, kwa kawaida yai lake linatoka. Kumuuzia dawa ya homoni bila kumpima ni kumwibia fedha, na kumwibia muda, ambao kwa mwanamke aliyekaribia miaka 40 haurudi.

Wengine wana hofu nzito zaidi: tukiuhusisha ugumba na magonjwa ya zinaa tutawapaka matope wanawake ambao tayari wanaumia, wanaosimangwa na mawifi na kutishiwa mke wa pili. Hofu hii naiheshimu. Jibu langu ni kwamba wanawake wengi huambukizwa ndani ya ndoa, na mume ambaye hana dalili hajui kuwa anaubeba ugonjwa. Ukimya haumlindi mke. Humfanya abebe peke yake lawama ya watu wawili. Kwa jambo hili wanaume tumejificha mno. Tumechanganya nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha, ilhali mtu anaweza kuwa imara kitandani na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Kijana anayejichoma homoni ya kiume ili ajaze misuli anaweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu zake. Kipimo cha manii hakina kisu wala sindano: mwanamume hujizuia siku 2 hadi 7, hutoa sampuli kwenye kichupa, na maabara huhesabu. Hata hivyo, mara nyingi mke ndiye hupelekwa kwanza kupigwa picha ya mirija, ambayo huuma na ni ghali zaidi.

Gharama ni pingamizi la haki. Vipimo vya klamidia havipatikani katika zahanati nyingi, na kutibu kwa kutazama dalili humwacha asiye na dalili. Serikali zinapaswa kuvifikisha vipimo hivyo kliniki ya wajawazito na ya uzazi wa mpango, mahali wanawake wanapokwenda tayari. Dawa zenyewe ni za bei ndogo na za siku chache. Kutungisha mimba maabara hugharimu mamilioni ya shilingi. Nawe msomaji, ukiona uchafu usio wa kawaida, maumivu ya tumbo la chini au moto wakati wa kukojoa, nenda kituoni siku hiyohiyo, usinunue vidonge kwa kukisia, na mwenzako atibiwe pamoja nawe. Kama miezi 12 imepita bila mimba, au miezi 6 kwa mwanamke mwenye miaka 35 na zaidi, nendeni wote wawili, na mume apimwe siku ya kwanza.