Lugha na Uradhi wa Mteja katika Ushauri Nasaha wa Mtandaoni

Mteja anayepata ushauri nasaha kwa njia ya intaneti huridhishwa na nini hasa? Wengi husema ni wepesi wa huduma: hakuna nauli, hakuna foleni, wala jirani wa kumwona akibisha mlango wa mshauri. Hayo yana uzito wake. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kuwa kiini cha uradhi ni kueleweka, na kueleweka ni suala la lugha.

Mnamo 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kuwa uhusiano wa mshauri na mteja hutegemea mambo matatu: kuafikiana kuhusu lengo, kuafikiana kuhusu kazi ya kulifikia, na kuaminiana. Wanapokutana ana kwa ana, uso, sauti na hata kimya husaidia kuyajenga. Wanaposhauriana kwa maandishi, visaidizi hivyo hutoweka na neno hubakia peke yake. Chukua mathalani mteja anayeandika, "Nina mawazo mengi." Mshauri anayeifasiri kauli hiyo sisisi atadhani anasoma habari za mtu mwenye fikra tele, ajuaye Kiswahili atatambua kilio. Mteja akilazimika kuieleza huzuni yake mara tatu, huenda asirudi.

Ajabu ni kwamba kutoonekana huko kuna faida pia. John Suler alibainisha mwaka 2004 kwamba watu hufunguka zaidi mtandaoni, sababu mojawapo ikiwa ni kuwa hawaonekani. Lakini aliyeandika usiku siri aliyoshindwa kuitamka mchana hungoja jibu. Asipoambiwa mapema atajibiwa lini, kimya cha siku tatu humfanya ajutie kusema.

Aidha, tusichanganye uradhi na nafuu. Hojaji moja maarufu ya uradhi, yenye maswali 8 na alama kuanzia 8 hadi 32, hupima mteja alivyoiona huduma, si kama amepona. Mshauri mwenye maneno matamu aweza kupata alama zote 32 na mteja abakie alivyokuwa. Tena kwa adabu zetu (nani asiyezijua?) wengi watasema wameridhika ili wasimvunjie mshauri heshima. Katika hojaji hiyo mteja huulizwa pia kama angerudi iwapo angehitaji msaada tena. Nadhani swali hilo hupenya adabu hiyo kuliko lile linalomuuliza moja kwa moja kama ameridhika.