Sigara za Kielektroniki Ndani ya Majengo: Sheria ya Jimbo la New York

Watumiaji wengi hutuuliza: je, anayevuta sigara ya kielektroniki ndani ya mkahawa huvunja sheria, ilhali hakuwasha moto wala hakuacha majivu? Katika Jimbo la New York jibu ni ndiyo.

Mwaka 2003 sheria ya hewa safi ilipiga marufuku uvutaji wa tumbaku katika sehemu za kazi, mikahawa na baa. Tangu tarehe 22 Novemba 2017, sigara za kielektroniki nazo zimo katika katazo hilo. Palipokatazwa sigara ya kawaida, hii pia imekatazwa: ofisini, dukani, baa, ndani ya basi na treni.

Sababu yake ni hii. Kinachotoka kinywani mwa mvutaji si mvuke wa maji mtupu. Hubeba chembe ndogo mno na, mara nyingi, nikotini. Mteja asiyeridhika aweza kuondoka. Mhudumu wa meza hana hiari hiyo, kwani riziki yake imo humo humo.

Zipo hoja mbili tunazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza: "Kimiminika changu hakina nikotini." Sheria hutazama kifaa kinachotoa mvuke wa kuvutwa, haiulizi kimejazwa nini. Ya pili: "Mwenye baa ameniruhusu." Mwenye baa hana mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo, na akifumbia macho uvutaji, yeye mwenyewe aweza kutozwa faini.

Sheria haigusi makazi ya mtu wala gari lake binafsi. Imeacha pia vyumba vya hoteli vilivyokodiwa na wageni, na maduka maalumu ya sigara hizo. Hata hivyo, hoteli au mwenye nyumba aweza kuweka masharti makali zaidi. Soma mkataba kabla ya kutia saini.

Ukikuta sheria inavunjwa, zungumza kwanza na msimamizi wa mahali hapo kwa utulivu. Asipochukua hatua, andika jina la biashara, anwani, tarehe na saa, kisha peleka malalamiko kwa idara ya afya inayohudumia kaunti yako. Walio katika Jiji la New York wapige simu namba 311. Si lazima umjue mvutaji kwa jina. Inatosha kueleza ulichokiona, wapi na lini.