Sura ya Mtawala Kiganjani

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hakukanyaga Kongo hata siku moja, lakini kichwa chake kilifika. Kuanzia 1887, sarafu ya fedha ya faranga 5 ilimwonyesha na ndevu zake ndefu, jina na vyeo vikiwa vimemzunguka ukingoni.

Mtindo huo ulikomazwa na Roma. Kaisari alichapa uso wake upande mmoja, na upande wa pili habari aliyotaka ienee. Yerusalemu ilipoanguka mwaka 70, Kaisari Vespasian alitoa sarafu zenye mwanamke anayeomboleza chini ya mtende: ndiye Yudea iliyoshindwa. Hakukuwa na gazeti wala redio, ila kila askari aliyepokea mshahara aliipata habari hiyo.

Mobutu, rais wa Kongo, naye aliifuata njia hiyo. Mwaka 1967 kichwa chake kilikaa kwenye sarafu ya makuta 5, na chui kwenye sengi 10. Baadaye noti zilimwonyesha amevaa kofia ya ngozi ya chui.

Sura hiyo haikulinda thamani. Roma ilishayaona hayo: katika miaka ya 260, chini ya Kaisari Gallienus, sarafu iliyopaswa kuwa ya fedha ilikuwa karibu shaba tupu. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa chini ya Mobutu, ilifikia noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa nayo wakafanya ghasia. Oktoba mwaka huohuo, zaire milioni 3 za zamani zikawa moja mpya.

Faranga ya 1998, iliyochukua nafasi ya zaire, ilikuja bila uso wa rais. Ilileta waziri mkuu wa kwanza Lumumba, vinyago na wanyama, na noti ya santimu 50 ikampata okapi. Hapo mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, unahusika moja kwa moja. Wambuti, watu wa msitu wa huko, walimjua mnyama huyu tangu zamani, lakini wanasayansi wa Ulaya walimtambua kikamilifu mwaka 1901 tu, baada ya Karl Eriksson, ofisa wa ngome ya Mbeni, yaani Beni, kumpelekea Mwingereza Harry Johnston nchini Uganda ngozi na mafuvu.

Kupanda kwa bei kuliimeza noti hiyo upesi. Leo katika mji jirani wa Butembo mzigo mkubwa huhesabiwa kwa dola, na mbadilishaji fedha huinyoosha kila noti ya dola, akikagua kingo zote. Ikichanika kidogo tu, anairudisha. Mwalimu wa Beni akiipata santimu 50 kwa mzee aliyeihifadhi, na aipeleke darasani: ina historia ya msitu wa wanafunzi wake.