Je, Wajua? Bwawa Lisilo na Maji

Je, wajua kwamba kipimo kimoja cha kutafuta njia kinachotumika kwa wagonjwa wa skizofrenia kilibuniwa kwa ajili ya panya? Mwaka 1981 Richard Morris, akiwa St Andrews huko Uskoti, alijaza maji bwawa la duara, akayatia maziwa ili ndani kusionekane, kisha akaficha jukwaa dogo chini kidogo ya uso wa maji. Mara ya kwanza panya huhangaika tu. Akisharudishwa mara kadhaa, huogelea moja kwa moja hadi jukwaani hata akitumbukizwa upande mwingine, maana anajipimia kwa vitu anavyoviona chumbani.

Binadamu hatumtumbukizi kwenye maziwa, tunamchorea bwawa ndani ya kompyuta. Watafiti wa New Mexico, Marekani, walifanya hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Jukwaa lilipofichwa, wagonjwa walizunguka sana na kuchelewa kulipata kuliko watu wenye afya. Lakini pengine ni dawa tu zinazolegeza mikono? Au hawakuwa na hamu? Ndiyo maana walipewa pia bwawa ambalo jukwaa linaonekana waziwazi. Hapo walilifikia sawa na wenzao. Mkono ulikuwa mzima, nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni ramani ya kichwani. Kwangu mimi, bwawa hilo la pili ndilo lililoubeba utafiti mzima.

Je, wajua ramani hiyo inakaa wapi? Ndani kabisa ya ubongo, kwenye hipokampasi, iliyopewa jina la farasi wa baharini kwa umbo lake. Mwaka 1971 John O'Keefe alitangaza kuwa amekuta humo chembe za panya zinazowaka panya akifika mahali fulani tu. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2014, pamoja na May-Britt na Edvard Moser wa Norwei. Subira yake!

Je, wajua skizofrenia haiharibu kila namna ya kutafuta njia? Mwaka 2008 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, waliwapa watu walioanza kuugua karibuni bustani ya kompyuta yenye alama, na vichochoro visivyo na alama yoyote. Bustanini waliachwa nyuma. Vichochoroni walikwenda sambamba na wenzao. Ni tofauti ya anayekuelekeza "nyoosha, kata kulia, kona ya pili kushoto" na anayejua soko liko upande gani wa msikiti hata akishushwa mahali asipowahi kupita.

Je, wajua unaweza "kutembea" umelala chali? Watafiti wakitaka kuuona ubongo ukitafuta njia, humlaza mtu ndani ya mashine ya MRI. Humo kichwa hakitakiwi kutikisika, basi mtaa wa kompyuta unaletwa mbele ya macho na vidole vinabonyeza vitufe vya kusonga na kugeuka. Macho yanasema tunakwenda, sikio la ndani linasema tumetulia. Wengine hupata kichefuchefu.

Je, wajua skizofrenia si mtu mmoja kuwa na nafsi mbili? Jina lilitolewa mwaka 1908 na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka. Alikusudia mawazo na hisia kuachana. Filamu nazo zimetuchanganya. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 24 hivi, karibu mtu 1 kati ya 300.

Na je, wajua ulimwengu wa kompyuta sasa unatibu pia? Nchini Uingereza, jaribio la gameChange, lililotoa matokeo mwaka 2022, lilihusisha wagonjwa 346 wenye saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia, kama kwenye skizofrenia) waliokuwa wakiogopa kutoka nje. Karibu nusu yao walivaa miwani ya uhalisia pepe wakajikuta ndani ya basi, dukani, mkahawani, au kwa daktari wakisubiri zamu, huku mshauri wa kuchorwa akiwaongoza hatua kwa hatua. Walionufaika zaidi ni wale ambao hofu ilikuwa imewafungia ndani kabisa.